Kila Bi Harusi Ana Somo, Mwanafunzi wa Chuo Je?



Leo sina mshono mpya wa kukuonyesheni wala rangi za msimu. Nina kisa cha nyumbani kwetu, na nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, mtoto wa dada yangu. Aliniambia, "Mamdogo andika, ila jina langu usilitaje." Basi hapa nitamwita bi harusi, maana ndiye niliyekuwa nikimshonea gauni.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mzaliwa wa Unguja. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikaenda kozi ya ushonaji, na kazi ya mume wangu ikanileta huku Karatu. Nina duka langu, nashona sare za skuli na magauni ya harusi, na msimu wa watalii ukianza napata oda za mapazia na foronya kutoka kambi za wageni. Kambi moja iko Engaresero, kijiji kilicho chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron.

Mwaka huo, mwezi wa nane, nilikuwa na mizigo miwili ya kupeleka Engaresero. Mmoja mapazia ya kambi. Wa pili gauni la harusi, bado limeshikizwa tu kwa uzi, halijapigwa cherehani ya mwisho. Bi harusi wetu alikuwa huko na wanafunzi wenzake wa chuo kimoja cha bara, kwenye mafunzo kwa vitendo. Anasoma shahada ya sanaa, mambo ya historia na urithi wa kale, na alikuwa amemaliza mwaka wa pili. Harusi ilikuwa mwezi wa tisa, Alhamisi, Unguja. Nikasema heri nimpime huko huko kuliko kungoja ashuke kisiwani siku za singo na hina, mambo yote yakawa mbio.

Kutoka Karatu unateremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, halafu unaiacha lami. Kutoka hapo mpaka Engaresero ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi. Unapita Selela, unapita Engaruka penye magofu ya mawe ya wakulima wa zamani waliomwagilia mashamba yao kwa mifereji, kisha mlima unakuja mbele yako peke yake, umechongoka. Gauni nilikuwa nimelifunga kwa shuka mbili na mfuko wa nailoni juu, na bado nilipofika nililikung'uta.

Akina mama wa Kimaasai walikuja kunisalimia na shanga zao mkononi. "Takwenya," nikaitika "Iko," wakacheka matamshi yangu. Engare kwa lugha yao ni maji, na kweli mto upo, unashuka kutoka kwenye korongo. Nilipata maji ya udhu bila taabu, nikaswali adhuhuri, nikamwita bi harusi chumbani.

Nilipomvalisha nilishtuka. Vipimo vyake nilivichukua Idd, na kiunoni sasa gauni lilikuwa linapwaya inchi mbili nzima. Nikamuuliza, "Mwanangu, una nini?" Akasema joto. Nikaweka pini, nikanyamaza. Mshonaji anajua mwili uliopungua kwa joto na mwili uliopungua kwa mawazo. Nikamuuliza tena, mafunzo yakiisha atashuka lini Unguja, na baada ya fungate atarudi lini chuo kuanza mwaka wa tatu.

Akajibu bila kuniangalia, "Mimi chuo sirudi tena, Mamdogo."

Nikafikiri mume mtarajiwa amemkataza. Wallahi nilianza kukasirika na kijana wa watu. Nikasema, "Huyo hajakuoa bado, tayari anakupangia?" Akaanza kulia. Ndipo ukweli ukatoka. Matokeo yalikuwa yametoka, na alikuwa amefeli masomo mawili. Ana sapu, yaani mitihani ya marudio, na ratiba ya sapu ilikuwa wiki ileile ya harusi. Somo moja mtihani wake uliangukia Alhamisi asubuhi, Dar es Salaam, siku na saa ambazo Unguja tungekuwa tunampamba. Mwenyewe alishaamua. Mtihani haendi, anaolewa, na watu wakiuliza kuhusu chuo atasema mume hataki asome.

Nilimwambia neno ambalo mpaka leo najuta. Nilimwambia, "Mimi nakesha juu ya cherehani kwa ajili ya ada yako, wewe unanichezea." Hakujibu. Alivua gauni taratibu, akalikunja, akaliweka kitandani, akatoka nje. Nikabaki na pini mdomoni na hasira zangu.

Ukweli ni kwamba hasira ile haikuwa yake peke yake. Mimi mwenyewe matokeo ya kidato cha nne yaliniangusha. Nilijifungia ndani siku tatu, kisha nikasema skuli basi. Hakuna aliyekaa na mimi kuniambia kwamba mtu anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimekuja kulijua hilo nina watoto wawili. Ushonaji umenilisha, namshukuru Mola, wala siudharau. Lakini sikuuchagua nikiwa naona njia nyingine. Nilidhani njia zote zimefungwa, na hiyo ndiyo iliyobaki.

Jioni nilimtafuta, nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Twende kwa mwalimu wako." Alikataa, aliona haya. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Nikamshika mkono, tukaenda.

Mwalimu aliyekuwa na wanafunzi alikuwa mwanamke, mpole wa maneno. Alitukalisha kwenye viti vya turubai, akasikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mshauri wako wa masomo ni nani?"

Bi harusi akasema hamjui. Mwaka wa kwanza majina yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mwanafunzi na mshauri wake. Akaenda mara moja, akakuta mlango umefungwa. Hakurudi tena. Masomo ya hiari akachagua kwa kufuata marafiki. Mmoja akasema takwimu ndiyo inayolipa mjini, wote wakajiandikisha takwimu. Yeye kidato cha sita alisoma Historia, Jiografia na Kiingereza, na hesabu aliziaga kidato cha nne. Hakuna mtu mzima aliyemuuliza, hili somo umelichagua kwa sababu gani? Likamfunga. Na kwa kuhangaika nalo, akaporomoka na somo jingine, hili la lazima.

Mwalimu akachukua karatasi, akapiga mistari kama mimi ninavyochora kiolezo cha gauni. Akatueleza hivi, na nakuandikieni kama nilivyoelewa mimi mtu wa kidato cha nne.

Shahada ya miaka mitatu hapa Tanzania ni krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Krediti ni kipimo cha kazi, na krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kusoma, darasani na nje ya darasa. Masomo yako mafungu mawili. Ya lazima huwezi kuhitimu bila kuyafaulu. Ya hiari unachagua mwenyewe, na kwa kanuni za chuo chao, ukifeli la hiari unaweza kuliacha na kujaza krediti zake kwa jingine. Kwa hiyo mzigo wa bi harusi haukuwa milima miwili. Takwimu lilikuwa la hiari. Angeweza kuliacha, na mwaka wa tatu akachukua somo moja zaidi linalomfaa. Mlima ulikuwa mmoja, ule mtihani wa Alhamisi.

Akamweleza pia upande mchungu. Ukifaulu sapu, hata ukipata alama za juu, unaandikiwa C. Hiyo C itabaki kwenye cheti cha matokeo. Na usipotokea kwenye mtihani bila ruhusa, unahesabiwa umefeli. Kuahirisha mtihani kunawezekana, ila unaomba kabla, kwa maandishi na kwa ushahidi, kama ugonjwa au msiba. Harusi iliyopangwa na familia yenyewe si sababu ya kutegemea.

Bi harusi akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sijadisko?" Kudisko ndilo neno lao wanafunzi, maana yake kuondolewa chuoni. Mwalimu akasema, "Hujadisko. Umebakisha mtihani mmoja, na unataka kujiondoa mwenyewe."

Dada zangu, mtoto wa watu alikuwa amebeba wiki tatu nzima jambo ambalo kwa mtu anayejua lilichukua nusu saa na karatasi moja.

Kesho yake asubuhi tulipanda mahali penye mtandao, maana kule simu inachagua pa kushika. Mwalimu alikuwa amempa namba ya mshauri wake halisi. Mara ya tatu akapokea. Bi harusi akajitambulisha, akataja namba yake ya usajili, akaeleza. Mshauri akamwambia athibitishe ratiba, alipie kama kuna malipo, amwandikie barua kuhusu kuacha lile somo la hiari, na siku atakayofika chuoni apite ofisini kabla ya kwenda popote. Simu haikufika dakika kumi.

Tukiwa tunarudi, nikawaza. Sisi Unguja hatumpeleki binti kwenye ndoa bila somo. Somo wa harusi anatafutwa kwa makini, mwanamke mwenye heshima, msiri, aliyepitia. Hata bi harusi mwenye mama na bibi bado anapewa somo, kwa sababu yapo mambo mtoto anaona haya kumwambia mzazi. Na somo hamwachi mlangoni. Ndoa ikiyumba mwezi wa tatu, wa kwanza kupigiwa simu ni yeye. Lakini binti huyohuyo tunampeleka chuo, mji wa watu, dakhalia za watu, na begi na godoro na dua, basi. Hatumuulizi hata siku moja, somo wako wa huko ni nani? Kumbe yupo. Jina lake lilibandikwa ubaoni.

Na dini yetu haijatuacha gizani hapa. Katika Qur'ani ipo sura nzima inayoitwa Ash-Shura, mashauriano. Mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha istikhara na istishara, unamwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie kheri, na unawauliza wenye kujua. Wengi wetu tunashika ya kwanza tu. Bi harusi aliniambia kwamba aliswali istikhara kuhusu kuacha chuo. Nikamuuliza, "Ulimuuliza nani mwenye kujua?" Akasema hakuna.

Mchana ule mwalimu alinichukua nikaone kazi yao. Karibu na ziwa kuna nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zimekauka kwenye majivu ya volkano yaliyokuwa tope. Wataalamu wanasema zina umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Unaona kisigino, unaona vidole. Kuna kundi la nyayo za watu 17 waliokwenda pamoja upande mmoja. Watafiti walioandika mwaka 2020 wanaona wengi wao, 14, walikuwa wanawake, pamoja na wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Wanadhani akina mama hao walikuwa wakitafuta chakula pamoja. Mwalimu alisema bi harusi ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake vizuri zaidi habari hizi. Nilimsikiliza akinieleza, na nilimwona kwa mara ya kwanza siku ile anasimama wima. Nikasema moyoni, huyu ndiye alitaka kuacha?

Sasa ikabaki kazi ngumu, kusema nyumbani.

Kwa dada yangu nilisema mimi. Alilia, kisha akauliza, "Kadi je?" Kadi zilishagawiwa. Ukumbi ulishalipiwa. Lakini kwa bwana harusi nilikataa kusema mimi. Nilimwambia bi harusi, "Huyu utaishi naye wewe."

Alimpigia usiku. Baadaye aliniambia kijana hakukasirika kwa kufeli. Alinyamaza muda mrefu pale aliposikia kwamba ilipangwa watu waambiwe yeye ndiye aliyekataza. Akasema, "Ungeniandikia ubaya ambao sikuufanya, na tungeanza nao nyumba." Bi harusi alimwomba radhi. Naomba mlisome hilo mara mbili, nyinyi mnaojiandaa. Tunahangaika gauni liwe jeupe bila doa, halafu tunaingia kwenye nikaha na uongo juu ya mume.

Mama yake kijana hakufurahi, sitawadanganya. Alisema watu watazungumza. Mwishoni mzee wa upande wao akasema, watu watazungumza siku tisa, mtoto atasoma maisha yake yote. Harusi ikasogezwa siku tisa mbele. Sehemu ya pesa ya ukumbi ilipotea, na tulipiga simu kwa wageni mmoja mmoja mpaka sauti zikatukauka. Wapo waliozungumza kweli.

Alhamisi ile iliyokuwa iwe ya harusi, bi harusi wetu alikuwa kwenye chumba cha mtihani Dar es Salaam. Siku tisa baadaye alikuwa na piko mikononi na shela kichwani. Gauni nilikuwa nimelipunguza kiuno, na siku ya harusi ilibidi nifungue mshono kidogo, maana alikuwa ameanza kula. Alhamdulillah.

Mtihani alifaulu. Aliandikiwa C, kama alivyoambiwa. Sasa yuko mwaka wa tatu, mume wake ndiye anayemsindikiza bandarini. Hatapata daraja la kwanza, linalotaka wastani wa 4.4 na kuendelea. Mshauri wake amemwambia wazi kwamba akijitahidi atabaki daraja la pili la chini, kati ya 2.7 na 3.4. Kila muhula ukianza, kabla hajajiandikisha masomo, anakwenda ofisini kwake na karatasi. Akikuta mlango umefungwa anaandika ujumbe, anarudi kesho.

Sasa dada zangu mlio vyuoni, na nyinyi mama, mamdogo na mashangazi wenye mabinti vyuoni, msiondoke mikono mitupu. Haya ndiyo niliyojifunza kuyauliza:

Kwanza, mshauri wako wa masomo ni nani, ofisi yake iko wapi, na siku gani anapokea wanafunzi? Ulijue hili wiki ya kwanza, si wiki ya matatizo.

Pili, kati ya masomo yako, lipi la lazima na lipi la hiari? Na mpaka leo una krediti ngapi?

Tatu, somo la hiari umelichagua kwa sababu gani? Kama jibu ni "kina fulani wamechukua," rudi ukafikiri.

Nne, ukifeli, kanuni za chuo chako zinasemaje kuhusu sapu, kulibeba somo mwaka unaofuata, na kuahirisha mtihani? Kila chuo kina kitabu chake cha kanuni, omba ukisome.

Tano, kama unasoma kwa mkopo, uwe wa Bodi ya Mikopo ya bara au ile ya Zanzibar, uliza mapema mkopo utakuwaje ukirudia somo au ukiahirisha mwaka.

Sita, hii ni ya mabibi harusi. Kabla ya kupanga tarehe, weka ratiba ya chuo mezani, mitihani na sapu zote. Na zungumza na mume mtarajiwa kuhusu masomo yako kabla ya nikaha, mbele ya wazee, na mumuulize sheikh wenu namna nzuri ya kuliweka. Usiseme tutaona hukohuko.

Na nyinyi mnaolipa ada, kama mimi, msiulize matokeo tu. Ulizeni pia, "Nani anakushauri?" Mimi nililipa miaka miwili bila kuuliza, na nilipoambiwa ukweli nikatukana kwanza. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kama kuna dada anasoma hapa na yeye ana jambo amelificha wiki ya tatu sasa, nakuomba kesho upige simu moja tu. Uwezekano mkubwa ni jambo la nusu saa na karatasi moja.

Mola awafungulie mabinti zetu elimu yenye manufaa, awape ndoa zenye utulivu, na awajaalie watu wa kuwashauri kwa kheri. Amin.

Ndimi dada yenu, fundi wa Karatu. Juma lijalo in shaa Allah tutarudi kwenye mishono.